Magamba Mgongoni mwa Gedi

Wewe, umewahi kulala mahali ambapo hata mto wa kulalia unanuka samaki? Sisemi kunuka kidogo, kama nguo ya mtu aliyepita sokoni. Nasema kunuka mpaka unageuza uso ukutani, na ukuta nao unanuka. Mimi nimelala. Nililala huko siku nyingi, nikiwa mtoto ambaye meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota, na mpaka leo nikiikumbuka ile hoteli mate yananijaa mdomoni, na si mate ya tamaa.

Aliyenikumbusha ni Hodan, mjukuu wangu, anayeniita Ayeeyo, yaani bibi. Alisoma chuo huko pwani, akarudi hapa Garissa na tabia mbili: anaoga mara tatu kwa siku, na anapika samaki. Juzi natoka kwa jirani, nafungua mlango wangu mwenyewe, ile harufu inanipokea kabla ya salamu. Nikasimama hapo hapo, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Hodan, nani amefia humu?"

"Ni samaki tu, Ayeeyo. Wa nazi."

"Umepika na sufuria gani?"

"Ile ndogo."

"Ile ya chai?"

Akaisukuma sufuria nyuma yake. Nikajua ni ile ya chai. Nikamwambia basi imekuwa yake, siku akiolewa aende nayo. Yeye anacheka tu. Ana simu yake, akanionyesha picha za hoteli za pwani, dirisha limefunguliwa na bahari yote iko ndani ya dirisha. "Ayeeyo, watu wanatoka mbali kutafuta chumba kinachotazama bahari." Nikamwambia mimi nilipewa hicho chumba bure, na nikaigeuzia bahari mgongo.

Lakini huyo samaki hakuwa wa Hodan. Alimpikia Gedi, ndugu yangu, ambaye siku hizi anakaa kwangu, chumba cha karibu na geti. Gedi ni mgonjwa. Daktari amemkataza nyama nyekundu kabisa, akamwambia ale samaki, na Gedi akamjibu yule kijana wa watu mbele yangu: "Daktari, mimi huu mdomo haujawahi kuguswa na samaki tangu nizaliwe. Nitaondoka duniani nao ukiwa safi." Kuku naye hamtaki, anasema ni ndege. Mboga ni majani, na majani ni ya ng'ombe. Tangu Ramadhani ipite ni maziwa na chai, maziwa na chai. Mkono wake ukiushika vidole vyako vinakutana. Akifa, wallahi, amekufa kwa njaa na friji imejaa.

Na mimi ndiye mtu peke yake aliyebaki hai anayejua kitu kuhusu huo mdomo safi.

Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe, upande wa Kotile. Mama yangu, hooyo, alikuwa anakohoa. Alikohoa kiangazi chote, mpaka siku moja akaficha kitambaa na mimi nikaona anachoficha. Basi baba akasema tunakwenda hospitali ya pwani. Tukavuka mto pale Masalani kwa mashua, tukapanda lori, mimi nimebeba Gedi. Alikuwa na miaka kama mitatu hivi, mtoto mnene, kichwa kikubwa, na chakula chake kilikuwa kimoja: maziwa ya ng'ombe kutoka kwa dhiil ya mama. Dhiil ni chombo chetu cha maziwa, kinasukwa kwa mizizi, kina kifuniko chake, na ndani kinafukizwa kwa kijinga cha mti wenye harufu nzuri. Maziwa yake yananukia moshi. Mtoto aliyezoea hayo, ukimpa ya kikombe anakutazama kama umemtukana.

Hospitalini wakasema mama abaki, na watoto wasiingie. Akanishika bega nje ya lango. Nakumbuka mkono wake ulivyokuwa moto.

"Dahabo, nisikilize. Baba yako ni mwanamume, hataangalia mdomo wa mtoto. Wewe uangalie. Kitu cha kutoka kwa maji kisiingie kwa Gedi. Nikitoka hapa nitakuuliza wewe, si baba yako."

Mtu asidhani ni haramu. Si haramu, sheikh yeyote atakuambia. Ni kwamba sisi, mtu akila samaki, maana yake ng'ombe wake wameisha. Lilikuwa tusi hilo. Mtoto akiitwa mla samaki kisimani, anarudi nyumbani analia. Na sisi watoto tuliongeza yetu juu: mla samaki anaota magamba. Yanaanza mgongoni, mahali ambapo mwenyewe haoni, kwa hiyo watu wote wanajua kabla yake. Nililiamini hilo kama ninavyoamini jua.

Sasa hiyo hoteli. Mwenyewe alikuwa mwanamke, Bi Mwanatumu, mnene, mweusi wa kung'aa, amejifunga leso mbili. Baba alikuwa anamletea mbuzi wa pilau miaka mingi, kwa hiyo hakutaka chochote kwetu. Nyumba ilikuwa safu moja ya vyumba sita, paa la makuti, na mbele yake mchanga, na mbele ya mchanga yale maji. Hakuna duka, hakuna kelele, watu wachache tu, wanunuzi wa samaki na karani mmoja aliyekuja kupumzika. Bi Mwanatumu akatupa chumba cha mwisho. "Nimewapa kizuri," akasema, "upepo wote wenu, bahari yote yenu."

Nilipoiona mara ya kwanza nilifurahi, sitadanganya. Nilidhani ni silanga. Kwetu silanga ni lile dimbwi kubwa la kuchimbwa ambalo mifugo inanywa, na likijaa watu wanapeana mkono. Nikasema moyoni, watu hawa wana silanga isiyo na mwisho, na ng'ombe hata mmoja hawana. Nikakimbia, nikainama, nikanywa. Nikatema mpaka machozi yakatoka. Nikarudi nikamuuliza Bi Mwanatumu nani ameharibu maji yote haya, na amefungwa wapi. Alicheka akakaa chini.

Furaha yangu iliishia hapo. Kila kitu pale kilikuwa na unyevu. Shuka hazikauki, unalala kama umelala juu ya ulimi wa ng'ombe. Ukishika mlango, gamba linabaki kidoleni. Juu ya paa la jikoni walianika papa, vipande vipande, na jua likipanda mafuta yanadondoka njiani na unapita ukiinama. Mwani umeoza ufukweni, na inzi wa pale wala hawaruki, wanatembea. Nilimwona mtu anampiga mnyama kwenye jiwe kama nguo chafu, mnyama hana mfupa, ana mikono tu, na baada ya kupigwa kote huko mikono bado inatafuta kitu cha kushika. Pweza, wakaniambia. Jioni karani alimla, akalamba vidole vyote vitano mbele ya watu. Chooni nilikuta kaa. Mnyama gani huyo anayetembea kando kando, macho juu ya vijiti, na makazi yake choo?

Lakini mlango wa jikoni ndio ulinimaliza. Bi Mwanatumu aliweka beseni hapo, limejaa vichwa. Vichwa vitupu, na kila kichwa kina jicho, na jicho halina kope. Ng'ombe akichinjwa unaweza kumfumba. Samaki hufumbi. Ukipita kulia linakuangalia, ukipita kushoto linakuangalia. Nikawa nazunguka nyumba nzima kwa nyuma ili nisipite hapo, na huko nyuma ndiko nikakutana na yule mbuzi.

Alikuwa amefungwa kwa kamba, mbuzi mweupe wa kawaida, na mimi niliyekosa mifugo nikamwendea kama mtu amemwona binamu. Nikamshika sikio. Kisha nikaona anachotafuna. Kichwa cha samaki. Anatafuna huku na huku, anatulia, anafikiri, anatafuna tena, na lile jicho linachungulia kando ya mdomo wake. Na yule ndiye mbuzi ambaye maziwa yake tulipewa asubuhi.

Sasa nikaelewa kwa nini Gedi aliyatapika.

Maziwa yetu ya nyumbani yalikuwa yameisha kwenye lori. Ya mbuzi hakuyataka. Uji akautema. Mahamri akayashika mkononi mpaka yakaingia mchanga. Baba alikuwa anaondoka asubuhi kwenda kukaa chini ya ukuta wa hospitali, anarudi magharibi, anauliza, "Amekula?" Nasema, "Kidogo." Kwa siku za kwanza Gedi alilia. Halafu akawa analia kidogo. Halafu akaacha, analala tu mkekani na yale macho yake makubwa, anatazama dirisha. Mtoto wa kwetu akinyamaza, mtu mzima anaanza kuogopa. Mimi nilikuwa mtoto, nilifikiri ametulia.

Siku moja nikalala mchana. Kuamka, mkeka mtupu. Nikazunguka nyuma ya jikoni, nikamkuta kwenye mapaja ya Bi Mwanatumu, kichwa kimeegemea kifua chake, mdomo wazi kama kifaranga. Bakuli lina supu nyeupe. Kijiko kinaingia, kinatoka, kinaingia.

"Nini hiyo?"

"Supu ya kuku, mwanangu. Njoo ukae."

Mimi ni mtoto wa mfugaji. Nahesabu mifugo hata ya watu, bila kukusudia. Bi Mwanatumu alikuwa na kuku wanne, na wote wanne walikuwa pale chini ya ukuta wanaparua.

"Kuku gani? Hawa hapa wote."

Akanitazama. Akamtazama kuku wa nne kama kwamba ni yeye aliyemsaliti.

"Haya, ni samaki," akasema. "Nimemtoa miiba mmoja mmoja, nimemponda na nazi. Mnaona kinyaa, mimi naona mtoto anakufa. Mungu hakukataza, mmekataza nyinyi. Mwambie baba yako kama unataka."

Nilimnyang'anya Gedi nikakimbia naye. Nikamsugua mdomo kwa majivu, meno, ulimi, mpaka akaniuma. Lakini baba sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba niliachiwa kazi moja na nikalala usingizi? Na Bi Mwanatumu hakuacha. Kila nikienda kuchota maji, nikirudi, Gedi ana mafuta kwenye kidevu.

Basi nikaanza kukagua mgongo. Kila asubuhi namvua shati, namgeuza kwenye mwanga wa dirisha, naangalia. Hakuna. Kesho yake, hakuna. Bi Mwanatumu alikuwa sasa anamwogesha baharini kwa sababu ya vipele, na siku moja alimrudisha, akamweka juani kwenye benchi akauke, akaingia ndani. Nikamwendea. Nikamgeuza.

Yalikuwepo. Madogo, meupe, yanang'aa, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, na nikikwangua kwa kucha yanatoka kama unga. Moyoni nilimwona mama anatoka langoni mwa hospitali, ananyoosha mikono, namkabidhi mtoto mwenye magamba.

Nikachukua mchanga kwa mikono miwili nikaanza kumsugua. Nilimsugua kama sufuria iliyoungua. Gedi akapiga kelele, na sauti hiyo ndiyo ninaikumbuka kuliko vyote, kwa sababu ilikuwa kubwa. Ilikuwa ni ile sauti yake ya Kotile, ya kuita mama kutoka upande wa pili wa boma. Alikuwa hajaitoa hiyo tangu tufike. Bi Mwanatumu akatoka mbio, leso moja mkononi, akaniona, akaona mgongo mwekundu.

"Unamfanya nini ndugu yako?"

"Yameota," nikasema. "Magamba. Umemfanya aote."

Hakucheka. Alikaa kwenye benchi, akapitisha kidole mgongoni kwa Gedi palipobaki weupe, akakilamba. Kisha akamgeuza kwangu. "Lamba."

Sikutaka. Akasema tena, "Lamba, Dahabo." Nikatoa ulimi kidogo tu, nimefumba macho, nikamlamba ndugu yangu begani.

Chumvi. Chumvi tupu. Ile ile ya udongo mweupe ambao baba alikuwa anawapeleka ng'ombe wakaulambe, na sisi watoto tunalamba pamoja nao. Maji ya bahari yalikauka yakaacha chumvi yake, basi.

"Sasa nikuulize," Bi Mwanatumu akasema. "Na kama ingekuwa magamba kweli? Mama yako akitoka, ungetaka kumpa mtoto mwenye magamba au kaburi lisilo na magamba?"

Tangu hiyo siku, aliyemlisha Gedi ni mimi. Mkono huu. Bakuli hakulitaka kwangu, alitaka kwa Bi Mwanatumu tu, kwa hiyo nikafanya kitu ambacho sikumwambia mtu mpaka nimezeeka. Nikaitoa dhiil ya mama. Nikaitia ile supu ndani. Gedi alipoiona akainyooshea mikono yote miwili, akanywa mpaka akashusha pumzi. Baba akija anaona dhiil, anajua ni maziwa, anasema alhamdulillahi. Na mimi kila siku naziba pua, nageuka pembeni, nakohoa, nataka kutapika, narudi, namshikilia anywe. Nikisha naifukiza kwa kuni za pale, lakini kuni za pale ni za mikoko, moshi wake mchungu, haujui kazi hiyo.

Mama alitoka. Amekonda, lakini kifua kimetulia. Gedi akamkimbilia kwa miguu yake, mnene tena, kichwa kile kile. Mama akamnusa shingo, akamnusa mdomo. Halafu akaingia chumbani kufunga mizigo, na mimi nikamfuata nikijua ataishika. Akaishika. Akafungua kifuniko, akaweka pua.

Bahari ilikuwa inahema huko nje kama ng'ombe mgonjwa. Mama akafunga kifuniko. Akanitazama mikono, si uso. Mikono. Akafunga dhiil ndani ya nguo zake, katikati, akasema, "Muite baba yako, lori litatuacha."

Njia nzima nilingoja swali. Tulifika mtoni, tukaingia mashua ya kuvuka pale Masalani. Katikati ya maji mama akaitoa dhiil, akaiweka magotini kama anataka kuifuta vumbi, na mara ikawa majini, inaenda, inazunguka, imezama upande. Baba akasimama, mashua ikayumba. Dhiil ile mama alikuja nayo siku ya arusi yake.

"Imeteleza," mama akasema.

Haikuteleza. Nilikuwa nimekaa karibu naye, niliona vidole vilivyofunguka, kimoja kimoja. Alisuka nyingine msimu huo. Na lile swali hakuniuliza, hata siku anaaga dunia hakuniuliza.

Basi jana asubuhi nilichukua kiti nikaenda kwa Gedi. Alikuwa amekaa kitandani na tasbihi yake, shingo imebaki nyuzi. Sahani ya Hodan iko chini, imefunikwa, hajaigusa. Nikamwambia yote, kama nilivyokuambia wewe. Nilidhani atanifukuza. Tasbihi ikasimama kati ya vidole.

"Kuku wote wanne walikuwa pale?"

"Wote."

"Na hooyo alijua."

"Alijua. Dhiil haikuteleza."

Akafuta macho kwa ncha ya kikoi, polepole, moja halafu jingine. Miaka yote hiyo anapita sokoni anatema mate mbele ya wauza samaki, masikini. Nikaona mabega yanatikisika, nikaogopa, kumbe anacheka.

"Na wewe, Abaayo, dada yangu, ulikula?"

"Mimi? Astaghfirullah."

"Hata kuonja?"

"Hata kidogo. Mpaka leo."

Akaacha kucheka. "Kwa hiyo miaka yote mimi ndiye mla samaki wa ukoo, na wewe umekaa hapo na mdomo safi, unanitazama nikijisifu. Sawa. Nitakula. Lakini sahani ziwe mbili. Ukikaa kula na mimi, nitakula. Usipokaa, mwambie Hodan arudishe."

Alisema hivyo na yale macho yake makubwa yamenitazama, na mimi nikamwona mkekani, ameacha kulia, anatazama dirisha. Nikakubali. Ni Ijumaa hii, baada ya swala. Nimemwambia Hodan naweza kuvumilia harufu, miiba naweza kutema, lakini lile jicho siwezi, likinitazama nitaacha sahani na ndugu.

Hodan akanishika mikono yote miwili, mikono yake inanuka sabuni kama kawaida. Akaniahidi sufuria atanunua nyingine. Akaniahidi kichwa kitakatwa huko huko sokoni, hakitavuka hata geti. "Ayeeyo," akasema, "kwenye huo mkeka Ijumaa macho yatakuwa manne tu. Yako na yake."